Paa la Mkunga

"Usiviguse, mama. Vya mteja hivyo."

Fundi alisema hayo huku akivipanga vigae juu ya meza ya kukatia vitambaa, kimoja kimoja, kwa upole wa mtu anayepanga mayai. Meza hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, na si kwa sababu ya cherehani peke yake. Alikuwa ametandaza hapo kitambaa cha sare za wahudumu wa hoteli, chaki iko mkononi, na sasa kitambaa kilikuwa kimesukumwa pembeni bila hata kuombwa radhi.

"Mteja gani huyo anayeletewa sampuli kama anachagua pete?" Sindano aliuliza.

"Si unajua, vigae lazima mtu avione, avishike. Ni yule mkunga wa zahanati, aliyefiwa na mumewe."

Sindano alimjua. Nani hakumjua? Mwanamke mrefu, mwenye viatu vyeupe visivyojua tope, anayeongea taratibu kana kwamba kila anayemsikiliza ana uchungu wa kuzaa. Sindano alimwona mara moja tu, dirishani pa zahanati, na alipotoka pale alijitazama kwenye kioo cha duka la jirani bila kupanga.

"Hataki bati," Fundi aliendelea, macho yake yakiwa kwenye vigae. "Anasema anataka paa lisiloumiza mazingira."

"Lisiloumiza nini?"

"Mazingira, mama."

Miaka yote ya ndoa Sindano alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo kinywani mwa mumewe. Msumari, ndiyo. Kenchi, papi, kamba, tusi la mara moja moja kidole kikigongwa nyundo, ndiyo. Lakini mazingira! Sasa alilitamka kwa raha, kama mtu aliyevaa shati jipya. Akaanza kueleza, na alipokuwa akieleza sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya enzi za kuposa.

Hiki ni cha udongo, alisema, kimechomwa kwa pumba za mpunga badala ya kuni, hakuna mti uliokatwa. Hiki ni cha saruji na nyuzi za katani, hakichomwi kabisa, kinaachwa kikomae chini ya magunia yaliyoloweshwa. Hiki cheusi ni chupa za plastiki zilizoyeyushwa. Chepesi, lakini kwenye jua kali yeye hana imani nacho. Nyasi nazo zina ubaridi wake, ila cheche moja tu ya jirani na umekwisha. Paa la mkunga lina mteremko mkali, maji hayapati pa kukaa, kwa hiyo vigae vinalifaa. "Vya udongo ni vizito, lazima niongeze mbao. Lakini vikishakaa, vimekaa. Wajukuu watavikuta."

"Wajukuu wa nani?"

"Wa mtu yeyote, mama. Ni namna ya kusema."

Sindano alitazama juu. Juu ya meza yake palikuwa na bati lililooza kutu, lenye mabaka ya lami na matundu yanayoonyesha mbingu mchana. Chini ya kila tundu palikuwa na chombo chake: ndoo, sufuria lililong'oka mpini, beseni. Alivijua vyombo hivyo na mahali pake hata akiwa amefumba macho.

"Na letu?"

"Letu nitalipaka lami."

"Lilipakwa mwaka jana."

"Basi nitalipaka tena," alisema Fundi, na akavifunika vigae vya mkunga kwa kanga ya mkewe visije vikaingia vumbi.

Waswahili walisema mganga hajigangi. Hawakusema mke wa mganga afanye nini.

*

Muuza mkaa, jirani wa mlango wa pili, hakuwa mbeya. Ndivyo alivyosema mwenyewe kila alipokuja kueleza jambo.

"Shoga, mimi si mtu wa maneno, unanijua. Lakini jana nimepeleka gunia kule, nikamkuta mumeo anakunywa chai."

"Mtu hanywi chai?"

"Anakunywa. Lakini juu ya ngazi? Mwenye nyumba amesimama chini ameshika kisahani?" Muuza mkaa alifuta mikono yake kwenye upindo wa kanga, mikono ambayo haikuwahi kutakata. "Tena amenirudisha na gunia langu. Eti siku hizi hapikii mkaa, anatunza miti. Nikamwambia, mama, miti utunze, na sisi atatutunza nani?"

Sindano alicheka, akakanyaga cherehani kwa nguvu, sindano ikakatika. Alibadilisha, ikakatika tena. Mwisho akasema uzi wa bluu umemwishia, jambo ambalo lilikuwa uongo mtupu, akajitanda akatoka.

Duka la nyuzi lilikuwa kulia. Yeye alishika kushoto.

Aliwaona tangu kwenye kona. Nyumba ya mkunga ilikuwa imevuliwa bati, kenchi mpya za mbao zimesimama nyeupe, na mumewe amekaa juu yake miguu ikining'inia, kifua wazi, kofia nyuma ya kichwa. Mkunga alikuwa chini. Alinyanyua kigae kwa mikono miwili akakitazama dhidi ya jua, akasema kitu, na Fundi akacheka. Si kile kicheko chake cha nyumbani cha kupitia puani. Alicheka meno yote nje, hadi akajishika kwenye mbao.

Roho ilimuuma Sindano mpaka akahisi ladha yake mdomoni. Laiti angewakuta wameshikana mikono angejua pa kuanzia. Angepiga kelele, watu wangejaa, mambo yangekwisha siku hiyo hiyo. Lakini utamshtaki mtu kwa nani kwa kosa la kucheka? Utasema nini mbele ya wazee: bwana huyu anamweleza mwanamke mwingine habari za udongo?

Alirudi nyumbani bila uzi. Jioni Fundi aliingia akipiga mluzi.

*

Juma lililofuata Fundi alikuja na mkokoteni.

"Njoo uone, mama watoto! Si ulikuwa unalia na paa? Nimekuletea."

Sindano alitoka mbio, sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye kifua cha blauzi. Nusu ya safari kutoka mlangoni hadi kwenye mkokoteni alikuwa tayari amemsamehe kila kitu: chai, kicheko, hata kanga. Kisha akaona.

Yalikuwa mabati. Si mapya. Yamepauka, yana matundu ya misumari, na moja lilikuwa na alama nyeupe za kinyesi cha njiwa.

"Yametoka wapi?"

"Kule kwa mkunga. Ndiyo tuliyoyavua. Yako imara, usiyadharau, ni bati la zamani lile, nene. Nitachagua mazuri nizibe pale juu ya meza yako." Alipiga moja kwa kiganja, likalia. "Tena ndiyo kutunza mazingira huko, mama. Kitu hakitupwi. Mkunga mwenyewe amefurahi, kasema bora yapate kazi."

"Amefurahi."

"Sana."

"Amefurahi kwamba takataka zake zimepata kichwa cha kukaa."

"Sasa maneno gani hayo?"

"Sikiliza, bwana we." Sindano alishusha sauti, na Fundi aliyemjua mkewe alijua kwamba sauti ya chini ndiyo mbaya. "Yeye anashikishwa vigae avitazame juani. Anaulizwa rangi, anaulizwa uzito, anaelezwa mpaka pumba za mpunga. Mimi naletewa alichovua. Mimi ni jalala lake? Kesho utaniletea na viatu vyake vikikwaruzika?"

Muuza mkaa alikuwa amesimama mlangoni kwake, hakuna alichokuwa akifanya.

"Watu wanatazama," Fundi alinong'ona.

"Watazame. Bati hilo halipandi juu ya kichwa changu."

Halikupanda. Liliegemezwa ukutani nje, na kila aliyekuja kupimwa nguo aliuliza: "Kumbe mnaezeka?" Sindano alijibu kila mara kwamba hapana, wanahifadhi tu mali ya mtu. Usiku walilala wakigeuziana migongo. Fundi alijaribu kusema kwamba kazi ya yule mama ndiyo inayowalisha, na Sindano alijibu kwamba hajakataa kulishwa, amekataa kulishwa makombo.

*

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri, bila kupiga hodi.

Sasa, mafundi paa wa mji ule walikuwa na mila yao, nayo Fundi aliirithi kwa aliyemfundisha kazi. Paa jipya halikabidhiwi mpaka limenyeshewa. Mvua ya kwanza ikianza, fundi huacha alichoshika, hata kama ni tonge, huenda kukaa ndani ya nyumba aliyoezeka, chini ya kenchi tupu, kabla dari haijapigiliwa. Anatazama juu mpaka mvua ikatike. Likishuka tone, analiwekea alama kwa chaki iliyofungwa kwenye ncha ya ufito, na kesho yake anapanda kurekebisha. Likikosekana, anapewa mkono na kumaliziwa haki yake. Asiyekwenda kukaa na mvua ya kwanza hahesabiwi fundi. Huyo ni mpigilia misumari.

Kwa hiyo tone la kwanza lilipogonga bati, Fundi aliruka, akachukua tochi, chaki na ufito wake.

"Unakwenda wapi?" Sindano alipaza sauti. Chini ya bati lile, mvua ikinyesha, watu walisemezana kwa kupiga kelele au hawakusemezana kabisa.

"Mvua ya kwanza, mama!"

"Na hii ya hapa ni ya ngapi?"

Hakusikia, au alijitia hamnazo. Alikwishatoka, amejifunika gunia.

Maji yalianza kushuka mahali pake pote pa siku zote. Sindano alisogeza ndoo, akasogeza beseni, akaburuta cherehani hadi pembeni. Kisha paa likachagua tundu jipya. Tone la maji ya kutu lilidondoka juu ya shati moja la sare za hoteli zilizokwisha kupigwa pasi, zilizokuwa zichukuliwe kesho yake asubuhi, na kabla hajaliwahi lilikuwa limechora mstari wa kahawia kutoka bega hadi kiwikoni. Aliusugua kwa sabuni. Ukatanuka.

Alisimama na shati lile mkononi. Mumewe, mwezekaji hodari kuliko wote mjini, wakati huo huo alikuwa amekaa amenyanyua uso akimlindia mwanamke mwingine asidondokewe na tone moja. Hakulia. Wivu wake ulikuwa umevuka machozi. Alitupa shati, akavuta mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika, akatoka.

Njia nzima aliliombea paa la mkunga livuje. Alijua ni ombi baya, akaliomba hivyo hivyo. Tone moja tu, Mola wangu, na limdondokee puani.

*

Mlango ulikuwa wazi. Sindano aliingia bila kubisha, akitiririka maji, maneno yake ameyapanga mdomoni tayari.

Kilichomnyamazisha ni ukimya. Nje mvua ilikuwa ikimwagika kwa hasira, lakini humu ndani ilisikika kwa mbali tu, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Hewa ilikuwa baridi na ilinukia mbao mbichi. Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya sebule tupu, tochi mkononi, shingo ameikunja nyuma. Mkunga alikuwa kwenye mkeka upande wa pili, karibu na ukuta, anachambua mchele. Kati yao pangepita mkokoteni. Juu yao safu za vigae vyekundu zilipanda hadi kileleni, kavu, zimeshikana, nzuri kupita kiasi. Sindano alitafuta tone kwa macho, kona hadi kona. Halikuwepo. Hata hilo Mola alikuwa amemnyima.

Fundi alishusha uso, akamwona mkewe. Tochi ilimponyoka.

Aha, Sindano aliwaza. Mtu asiye na hatia haangushi tochi.

"Mke wangu," Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Huyu... huyu ni mke wangu."

Mkunga aliweka ungo chini akainuka, uso umemkunjuka. "Ndiye yeye? Mshonaji? Jamani, karibu, karibu sana! Umelowa, mwenzangu, subiri." Alileta taulo, akamtandia mabegani kwa mikono yake mwenyewe, kama alivyozoea kuwafunika watu kazini. Ilikuwa vigumu kumchukia mtu anayekukausha nywele, lakini Sindano alijitahidi.

"Nimesikia habari zako mpaka basi," Mkunga alisema.

"Zangu?"

"Za kwako tu. Mimi niliogopa vigae hivi, nikuambie ukweli. Vizito, na kila mtu kazini aliniambia nitaangukiwa. Nilitaka paa la kulinda miti, lakini na kichwa changu nakipenda." Alicheka. "Ndipo mumeo akaniambia: mama, unaogopa nini, kwangu nimeezeka vigae hivi hivi vya udongo. Mke wangu ni mshonaji, ana vitambaa vya watu, ningemwacha vipi chini ya paa linalovuja? Kasema hujui hata ndoo ya kukingia matone inawekwa wapi. Nilitaka nije nivione kwanza, basi kila siku zamu. Nikasema, neno la mtu kuhusu mkewe linatosha."

Sindano aligeuka polepole. Fundi alikuwa ameokota tochi na kumulika kona ya juu kabisa ya paa, kwa bidii, kana kwamba maisha yake yote yamefichwa kule.

"Nisamehe nikuambie," Mkunga aliendelea, sasa sauti yake imeshuka. "Nilikuwa nakuonea wivu. Kila akikutaja. Mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini paa langu lilikuwa la mwaka kesho. Kila mvua: mwaka kesho, mama. Amekufa na mwaka kesho wake. Na mimi nikawa namsikiliza fundi wa watu nasema moyoni, kuna wanawake wana bahati."

Maneno yote aliyokuja nayo Sindano yalikuwa yametawanyika. Yale ya chai, ya kicheko, ya mabati. Hakuna hata moja lililokuwa na pa kutua. Wivu wake haukuisha, maana wivu si mafua. Ulihama tu. Ulimwacha huyu mjane na mchele wake, ukamwendea yule mwanamke mwingine, yule mshonaji wa kwenye maneno ya Fundi, aliyelala pakavu chini ya vigae vyekundu, ambaye mumewe alimfikiria kabla hajawafikiria wateja. Huyo alimwonea wivu kuliko mtu yeyote aliyewahi kumjua. Kumbe Fundi aliijua vizuri sana namna mke anavyostahili kutunzwa. Aliijua kiasi cha kuweza kuisimulia hadi mtu mzima akaamini.

Neno moja tu lilitosha kummaliza. Angesema, dada, umedanganywa, njoo uone ndoo zangu, na mkono usingetolewa siku hiyo, wala jina la Fundi lisingepona. Fundi naye alilijua hilo. Mwanga wa tochi haukubanduka kwenye ile kona.

"Ni kweli," Sindano alisema. "Ana maneno machache nyumbani, lakini kwa paa, Mungu ampe nini. Mvua ikinyesha hata sisikii."

Fundi alishusha tochi.

"Na wala usiishie kusikia," Sindano aliongeza, huku akijifuta shingo kwa taulo la mwenyeji wake. "Njoo uvione kwa macho yako. Mwisho wa mwezi huu, siku utakayokuwa huna zamu. Uje tule mchana, ukae chini ya paa letu utuambie kama vinafanana na vyako."

"Kweli? Nitakuja! Tena nitakuja na wenzangu wawili wa zahanati, wao pia wanataka kuezeka lakini wanaogopa kama mimi."

"Waje wote," alisema Sindano. "Fundi atawaeleza."

Mvua ilikatika. Tone halikuonekana. Mkunga alimpa Fundi mkono kama mila ilivyotaka, akamshukuru, akamshukuru na mkewe.

*

Walitembea mpaka walipoipita kona.

"Mama, umefanya nini?" Fundi alisema hatimaye. "Umefanya nini?"

"Nimekaribisha mgeni."

"Mwisho wa mwezi! Unajua unalolisema? Paa letu halina mteremko, limelala. Ukiweka vigae pale maji yatarudi ndani. Inabidi nivue kenchi zote, ninyanyue ukuta wa kati, nianze upya."

"Vua."

"Na kazi nyingine?"

"Zingoje. Waambie mwaka kesho."

Fundi alisimama katikati ya tope. Gunia lilikuwa limemning'inia begani, maji yakimtoka kwenye ukingo wa kofia. "Sawa. Tuseme nimevua. Hivyo vigae vyenyewe nitavitoa wapi?"

"Huko huko ulikovitoa siku ile unamwambia."

Sindano alikuwa ametangulia, amekunja mwavuli wake mbovu, anaruka madimbwi. Kisha akageuka.

"Na viwe vyekundu," alisema. "Vyekundu kuliko vyake."